Tulivyomfundisha Mapendo Kunyamaza

Mi Mama Cadeau sina subira, na hapa Lisungwi, mtaa wetu wa kambi, kila mtu anajua. Mashine yangu ya kushonea iko barazani, na mdomo wangu uko hapo hapo. Ukipita na jambo lisilonipendeza utaambiwa. Hata Pasta Ezechiel akiwa na haraka anapita upande wa pili wa njia. Lakini kwa Sifa nilikuwa napunguza sauti.

Sifa ni jirani yangu. Ukuta wake na wangu ni mmoja, wa matofali ya udongo tuliyofyatua pamoja tulipofika kambi hii ya Dzaleka, Malawi. Yeye Mwislamu wa Kindu, kule Kongo, mi mtu wa Fizi na kanisa langu, na chumvi ikimwishia anabisha kwangu kwanza. Ni mrefu, mwembamba, haongei sana, na akicheka anaziba mdomo kwa mtandio. Anauza ndagala sokoni, hao samaki wadogo wakavu ambao Wamalawi wanawaita usipa. Asubuhi ungemwona anashuka na beseni kichwani, na kwenye mkono wake wa kushoto kuna kipande cha kitenge kimefungwa fundo. Ncha ya pili ya kitenge hicho ilikuwa kwenye mkono wa binti yake, Mapendo.

Mapendo alikuwa na miaka minane wakati huo. Bila kitenge angeondoka tu, akifuata gurudumu la kabaza, baiskeli ya kubeba abiria, linavyozunguka, mpaka barabara kubwa ya magari. Ilishatokea, na kambi nzima ilitoka kumtafuta. Watu wa sokoni walikuwa na maneno yao, ati Sifa anafunga mtoto kama mbuzi. Hao niliwajibu mimi, na majibu yenyewe sitayarudia hapa.

Msidhani alikuwa bubu. Masikio yake yalikuwa mazima kuliko yangu. Alilolisikia alilishika lote na kulirudisha lilivyo, na sauti ya mwenyewe ndani yake. Alikuwa anatoa adhana ya Mzee Kassim, halafu bila kupumua anaunga na mahubiri ya Pasta Ezechiel, "Shetani ashindwe, ashindwe tena!", na sisi tunacheka mpaka tunashika mbavu. Ila ukimwuliza, "Mapendo, unataka maji?" anakurudishia, "Mapendo, unataka maji?" Hakukuita. Hakuomba kitu. Alikuwa na neno moja tu lililokuwa lake mwenyewe, nalo lilikuwa yowe.

Lo, yowe lile! Lilikuwa linapasua bati. Akiumwa njaa, yowe. Mwiba ukimchoma, yowe. Radi ikipiga, yowe. Wageni walikuwa wanaziba masikio, lakini Sifa alikuwa anayatofautisha yote. Alikuwa anaweza kuwa kwangu anashikilia kitambaa nikate, yowe likatoka kwake, akasema, "Ile ni ya tumbo," au, "Hapana, ile iko anaumia," na miguu yake inakuwa imeshafika mlangoni. Hakukosea hata mara moja mbele yangu.

Shule ya kambini walimpokea, wakamrudisha. Darasa la kwanza lilikuwa limejaa mpaka watoto wanakaa dirishani, na mwalimu hakuweza kusomesha katikati ya yowe. Simlaumu. Baba yake, Asumani, yeye alikuwa na kibanda chake cha viatu vya mitumba kule Mchesi, Lilongwe, mpaka serikali iliposema wakimbizi wote warudi kambini. Tangu hapo alikuwa anakaa juu ya kreti mbele ya nyumba, anatazama chini. Alimpenda mtoto, lakini alimwonea haya, na haya ikimzidi alikuwa anasema, "Ku jamaa yetu hakujakuwaka mutoto wa namna hii." Sifa hakumjibu. Mi nilimjibu siku moja kupitia ukutani, naye akahamishia kreti upande wa pili.

Sasa, mwaka jana, baada ya mvua kuisha, akaja mwanamke wa shirika moja, Mmalawi, akapita nyumba kwa nyumba akiuliza nani ana mtoto mwenye shida ya kujifunza. Alikaa kwa Sifa muda mrefu. Mi nilikuwapo kutafsiri, maana nashonea wateja Wamalawi na Kichewa ninakielewa. Akasema Lilongwe kuna kituo chenye bweni, kinachukua watoto kama Mapendo, na mwaka huu kinaweza kuchukua mmoja au wawili kutoka kambini. Kuna walimu waliosomea jambo hilo tu. Lakini kwanza mtoto lazima apelekwe akapimwe na wataalamu, waone anaweza nini na hawezi nini.

"Watamfundisha nini?" Sifa akaniambia niulize.

Mama yule akasema, "Watamfundisha kusema anachotaka. Maji. Chakula. Hapa panauma."

Sifa aliniomba nirudie. Nikarudia. Akaangalia kile kitenge mkononi mwake, halafu akasema kwa sauti ndogo kwamba yeye hatakuwapo siku zote, na mi nikajua amewaza hilo miaka mingi bila kumwambia mtu. Mtoto ambaye yowe lake linajulikana na mtu mmoja tu duniani, mtu huyo akifa, inakuwaje? Basi hilo ndilo alilokuwa analitafuta Lilongwe, kwamba Mapendo aweze kumwambia mtu mwingine kuwa anaumia.

Hapo ndipo tulipoharibu.

Lazima mjue sisi watu wa kambi tulivyo. Kwetu hakuna kitu kinachokuja bila interview. Kutambuliwa ukimbizi, interview. Kupelekwa Kanada, interview. Mtoto kupata nafasi ya masomo, interview. Na interview kwetu haiendewi mikono mitupu, kuna preparasyo. Hiyo ni kazi kabisa hapa, kama kunyoa au kuchaji simu. Mtu wa preparasyo katika upande wetu alikuwa Mwalimu Émile, aliyekuwa akifundisha shule huko Uvira. Anakukalisha kwenye kiti, anakuwa yeye ndiye afisa, anakuuliza, anakukosoa, mpaka majibu yanatoka yenyewe. Jamaa ngapi zimepanda ndege baada ya kupita kwake! Kwa hiyo Sifa alipoambiwa mtoto atakwenda kuulizwa maswali Lilongwe na watu wenye nafasi chache, hakufikiria mara mbili. Alimfunga Mapendo mkononi, akaenda kwa Émile. Na mi nilifuata nyuma, kwa miguu yangu miwili.

Émile alimtazama mtoto kwa furaha. Ni mtu mzuri, msije mkamfikiria vibaya.

"Mama Mapendo," akasema, "bale bantu wa Lilongwe, nafasi njo kidogo, batoto njo mingi. Sasa we ungekuwa bao, ungechukua nani? Mwenye kulia-lia ao mwenye kujibu?"

"Mwenye kujibu," Sifa akasema.

"Njo vile. Hakuna mwenye anachukua mutoto juu ya huruma. Banaangalia kama atafaa."

Ilikuwa na akili, nawaambia. Hata leo nikiisikiliza naona ilikuwa na akili, kwa sababu kila mlango tuliowahi kuuona ulikuwa unafunguka kwa anayefaa.

Wakaanza. Kila jioni jua likipoa, uwanja wa Sifa ulikuwa darasa. Émile anakaa juu ya kreti ya Asumani, miguu amekunja, ndiye Madam. "What is your name?" "My name is Mapendo, Madam." "Do you like school?" "Yes, Madam, I like school very much." Mtoto wa kushika sauti, mnategemea nini? Alilishika jambo lote kwa siku chache, Kizungu kinatoka puani kama cha Émile mwenyewe. Macho yalikuwa hayatazami mtu, basi Émile akamfundisha kutazama katikati ya nyusi. Aliweka kidoti cha mkaa hapo kwenye uso wake mwenyewe, na Mapendo akikitazama anapewa sukari kidogo kwenye kiganja. Rangi alimfundisha kwa vifuniko vya soda. Watoto wa jirani wakawa wanakuja kutazama.

Ikabaki yowe.

"Hii njo itatuua," Émile akasema. "Akipiga hii kelele mbele ya Madam, tumekwisha."

Akachukua sufuria na mwiko, akagonga ghafla nyuma ya mtoto. Mapendo akapiga yowe la kupasua mbingu. Émile akamshika mikono, akainyoosha chini kwenye mapaja, akamsimamisha wima, akamwonyesha kidoti. "Sema: I am fine, thank you, Madam." Niko mzima, asante. Sukari. Akagonga tena. Yowe. Mikono chini, simama, kidoti, sema. Sukari. Siku zile sukari ya nyumba yangu nayo ilikwenda huko. Asumani mwenyewe aliinuka akawa anagonga sufuria, mara ya kwanza namwona anacheza na binti yake.

Na ikafika siku moja, Émile akagonga, Mapendo akatetemeka mwili mzima, mikono ikanyooka chini, macho yakatafuta nyusi, akasema, "I am fine, thank you, Madam." Hakupiga yowe. Uwanja mzima tulipiga makofi, na mi nilipiga vigelegele. Sifa aliziba mdomo kwa mtandio, machozi yanamtoka.

Siku chache kabla ya safari alianguka kwenye mawe karibu na kisima, goti likachanika, damu ikashuka mpaka kwenye kiatu. Alisimama wima akatuambia yuko mzima, asante, Madam. Tulicheka! Tulisema, huyu amekwisha kuwa tayari. Sifa alimfunga goti, na alipokuwa anafunga alimtazama usoni mara mbili, mara tatu, kama mtu anayetafuta kitu alichokiweka mahali. Mi sikumwuliza anatafuta nini.

Nilimshonea gauni la bluu na kola nyeupe. Tukachukua kibali cha kutoka kambini, tukapanda minibasi sisi watatu, tukafika Lilongwe, tukaulizauliza mpaka tukakiona kituo chenyewe nyuma ya mabenki ya City Centre. Sakafu ilikuwa inang'aa, baridi inapanda kwenye miguu. Kwenye benchi tulimkuta mama mmoja Mmalawi, ametoka mtaa wa Mtandire, na mtoto wake anabingirika sakafuni, anajipiga kichwa kwa ngumi, mate yanamtoka. Mama yake hakumzuia. Alikuwa amechoka, ameegemea ukuta. Alimtazama Mapendo amekaa wima na kola yake, akaniuliza, "Huyu mmemleta kwa nini?"

Sifa aliniuliza amesema nini. Nilipomwambia, alimwonea huruma. "Masikini," akasema. "Wa kwake hatapita."

Chumbani alikuwapo Madam mmoja mwenye sura ya upole, miwani imeshuka puani, na nje foleni inazidi kuwa ndefu. Alimuuliza jina. Alimuuliza kama anapenda shule. Mapendo alimtazama katikati ya nyusi. Alijibu kila kitu. Rangi zote alizitaja. Lilipokuja swali ambalo Émile hakuliotea, alirudisha maneno ya mwisho ya Madam na kuongeza "Yes, Madam," na Madam akatabasamu kwa adabu ya mtoto. Mara mtu akaangusha sinia huko ukumbini, mlio mkubwa, hata mi niliruka. Nikaona mabega ya Mapendo yanatetemeka. Mikono ikashuka kwenye mapaja. "I am fine, thank you, Madam."

Sifa alinibana kidole chini ya meza kwa furaha.

Madam akavua miwani, akatugeukia, akasema kwa Kichewa, taratibu, ili nitafsiri vizuri. "Mwana wanu ali bwino. Mtoto wenu yuko vizuri. Anaogopa wageni kidogo, na lugha ni ngeni, lakini anaelewa, anajibu, ametulia. Arudi shule ya kambini, atazoea. Bweni letu ni kwa watoto ambao hata wakiumia hawawezi kumwambia mtu. Huyu anaweza."

Nikatafsiri. Sijui nilitafsiri kwa mdomo gani. Sifa alinitazama kama nimemkosea, akaniomba nirudie, kama alivyofanya siku ile nyumbani. Nikarudia. Uso ukamsawajika.

"Tumwambie," nikasema kwa Kiswahili, haraka. "Tumwambie tulimfundisha. Tumwambie haelewi hata neno moja."

"Nyamaza, Mama Cadeau."

"Sifa!"

"Nyamaza, dada yangu. Ukibadilisha maneno, banafunga dosye. Si ya mutoto tu. Ya siye bote."

Na hapo nilinyamaza, mi mwenye mdomo. Kwa sababu ni kweli, jamani, ni kweli! Sote tunamjua Mama Irangabiye, mjane wa Burundi, aliyerudi kusahihisha jambo moja dogo alilolisema kwenye interview yake ya kwanza. Wakamwambia, mama, ulitudanganya wakati ule au unatudanganya sasa? Mpaka leo yuko hapa, na wenzake walikwishaondoka. Hilo ndilo somo la kwanza la Émile na la kila mtu wa kambi: ulichokisema umekisema. Madam yule hakuwa na dosye zetu, yale mafaili ya ukimbizi, hakuwa hata na habari nazo, alikuwa mwalimu tu kwenye kituo cha watoto. Lakini woga hauulizi ofisi ni ya nani. Sifa aliinuka, akapiga goti kidogo kama wanavyofanya wanawake wa huku, akasema, "Zikomo kwambiri, Madam." Asante sana.

Tukiwa nje tunatafuta kivuli, tulimwona mama wa Mtandire anatoka na mtoto wake amembeba mgongoni, anapiga yowe, na yeye mama analia na kucheka. Amepata nafasi. Alitushika mikono kwa furaha, na Sifa alimpongeza. Njia yote ya kurudi Mapendo alikuwa anasema peke yake dirishani, maswali na majibu, mwanzo mpaka mwisho.

Nyumbani mambo yalikuwa mabaya kwa namna nyingine, kwa sababu Asumani alifurahi. "Madam wa Lilongwe amesema mutoto yangu iko muzima!" Aliwasalimia watu ambao hakuwahi kuwasalimia. Alichukua wembe wangu wa kukatia nyuzi, akakata kitenge kwenye mkono wa Mapendo, akakitupa. "Basi na hii aibu." Sifa alisimama mlangoni anamtazama. Angesema nini? Kwamba Madam amedanganyika? Nani angemwamini, na wataalamu wamekwisha kusema? Émile mwenyewe alikuja kushukuriwa, na aliposikia habari yote alikaa chini, akafikiri, akasema labda baadaye, labda mwaka mwingine. Tulimtafuta yule mwanamke wa shirika. Tukaambiwa mradi wake umekwisha.

Shule ilimpokea. Mwalimu Gakiza, kijana mwenye moyo, alimkalisha nyuma karibu na ukuta, na kila Sifa alipokwenda kuuliza aliambiwa, "Mama, mutoto wako iko mazuri sana, hasumbui mutu." Alikuwa anarudi na daftari jeupe. Wakati mwingine alirudi na alama za kucha shingoni. Siku moja alirudi amejikojolea, mkojo umemkaukia. Sifa alimwuliza nani, wapi, lini, na Mapendo alinyoosha mikono chini na kumjibu. Usiku, mi kwa upande wangu wa ukuta, nilikuwa namsikia Sifa anasema, "Sikia, mama yangu, hapa hakuna Madam. Hapa ni mimi."

Halafu ikaja likizo, akawa anakwenda sokoni tena na mama yake, bila kitenge.

Nyuma ya vibanda vya soko kuna mahali ambapo wakaanga mihogo na mandazi wanamwaga majivu yao. Juu yanaonekana meupe, yamepoa, chini yake kuna makaa hai. Kila mtu anajua asipite hapo. Mi nilikuwa nimeshuka kununua uzi, nikasimama kwa Sifa kumsalimu; alikuwa anampimia mteja ndagala, kageuza mgongo kwa muda wa kupima kikombe kimoja, viwili. Nikasikia vijana wa kabaza wanacheka upande ule wa nyuma. "Sikiliza muzungu wetu! Anashukuru majivu!"

Sifa alisikia pamoja nami. Kikombe kilimtoka mkononi.

Tulimkuta amesimama wima, mguu mmoja umezama kwenye majivu mpaka kifundoni. Mikono imenyooka kwenye mapaja. Machozi yanatiririka, kidevu kinacheza, jasho limelowesha nguo yote, na macho yanatafuta uso wa mtu yeyote ili yatazame katikati ya nyusi. Alipomwona mama yake akamtazama hapo. "I am fine, thank you, Madam. I am fine, thank you, Madam." Alikuwa amelisema mara nyingi, sauti imekauka. Sitawaeleza harufu. Watu walikuwa wamepita karibu naye, wengi, na wote walimsikia.

Niliwatukana vijana wale mpaka wakaanza kulia wao. Haikusaidia kitu.

Sasa ni miezi. Mguu umepona nusu. Vidole viwili vimeshikana. Na kila jioni, jua likipoa, uwanja wa Sifa umekuwa darasa tena. Émile haji. Aliacha preparasyo, anafundisha watoto hesabu kanisani, na akipita kwetu anainamisha kichwa. Mwalimu sasa ni Sifa. Anakaa chini mbele ya mtoto, anajibana mkono wake mwenyewe kwa kucha, halafu anapiga yowe. Mwanamke mzima, mwenye mtandio, anapiga yowe la kupasua bati, na majirani wanajifanya hawasikii. "Sasa we. Lia, mama yangu. Lia kama zamani." Na Mapendo anampigia yowe. La mama yake, lilivyo, na ile pumzi ya Sifa ya kukatika mwishoni. Anapiga, anamaliza, anafungua kiganja apewe sukari.

Asumani hawezi kukaa hapo. Anachukua kreti anaondoka.

Juzi nilikwenda nao hospitali ya kambi kubadilisha bandeji. Nesi alikuwa mgeni, Mmalawi, mikono myepesi. Bandeji ilikuwa imeshika kwenye kidonda, na alipoivuta nilifumba macho mi mwenyewe. Nilipofumbua, Mapendo alikuwa amekaa wima, midomo myeupe, mikono chini.

"I am fine, thank you, Madam."

"Ah, ah, ah!" nesi akasema kwa furaha. "Mtoto jasiri namna hii! Na Kizungu kizuri!"

Sifa akainuka. Sikuwahi kumsikia anasema Kichewa mbele ya mtu wa ofisi, lakini alikisema, kimevunjika, kwa sauti kubwa, mpaka foleni yote ikageuka. "Si mzima. Anasema uongo. Tulimfundisha sisi. Anaumia. Mwandike kwamba anaumia."

Nesi akamtazama, akanitazama mimi. "Pepani, amayi," akasema polepole, pole mama, kama unavyosema na mtu aliyekosa usingizi. "Lakini mwenyewe amesema haumii."

Akashika ncha ya bandeji akaendelea kuvuta.